Bi Harusi Hayupo

Mama Viraka alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku mvua ilipopenya paa na watu wote nyumbani wakakimbilia ndoo. Kabla ya kunyanyuka mahali alipokuwa akishona, alikivuta kimto chake cha sindano mpaka kwenye goti, akafumba macho, akapitisha kidole cha shahada juu ya vichwa vya sindano, moja baada ya nyingine, akiziita kama mwalimu anavyoita wanafunzi asubuhi.

"Mzee yupo. Mlevi yupo. Karani yupo. Bi Harusi yupo."

Mzee ilikuwa sindano nene ya kushonea magunia. Mlevi ilikuwa imepinda kiunoni. Karani ilikuwa na tundu dogo lenye ubishi, haipitishi kitu mpaka uibembeleze. Bi Harusi, nyembamba kuliko zote, haikuguswa ila kwa kazi ya nyuso: nyusi, kope, midomo.

"Macho ni mashahidi wa kulipwa," alipenda kusema. "Ukitaka ukweli, muulize kidole."

Aliyeisikiliza hesabu hiyo kwa makini kuliko wote alikuwa binti wa kaka yake. Aliletwa kwa shangazi huyu akiwa na pengo mbele, mama yake akiwa amezikwa wiki hiyohiyo, na tangu hapo hakuwa na kwao pengine. Shangazi alimpa jina la Kunguru, kwa ile methali ya kunguru mwoga anayekimbiza bawa lake, na jina likamkaa kama gauni lililopimwa. Aliogopa mbwa, radi, jiko la gesi, simu inayolia alfajiri. Hata sasa, mvi zikiwa zimeanza kumchungulia, mama mzima anayechanganya rangi za nyumba kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bado aliinama kutazama mvunguni kabla ya kulala. Ila utotoni, alipomsikia shangazi yake akisema "Bi Harusi yupo," alijua kwamba sakafu ni salama, mkeka ni salama, na usingizi ukaja wenyewe.

Mama Viraka alifanya kazi miaka mingi kwenye dobi la hospitali kubwa, akishona mashuka yaliyochanika na magauni ya wagonjwa yaliyokatika kamba. Ndiko alikopata jina. Alipostaafu alirudi nyumbani na mfuko wa makombo ya vitambaa, akauning'iniza nyuma ya mlango, akaanza kufagia. Alifagia ua asubuhi, akaufagia mchana, akaufagia jioni, mpaka majirani wakaanza kunong'ona kwamba huenda amefanyiwa jambo. Kisha siku moja, akipanga mfuko ule, akakuta kipande cha shuka chenye doa la dawa ambalo halikutoka. Akakigeuza huku, akakigeuza kule, akaangua kicheko peke yake. Lile doa lilikuwa na shavu la msimamizi wake wa zamani, lilelile alilokuwa akilitia hewa anapotaka kugomba. Kufika jioni msimamizi alikuwa amekaa dirishani, kavimba, kashonwa kwa mikono, amejazwa sufi, na mtaa mzima ukapita kumsalimia.

Tangu siku hiyo ufagio ulipumzika. Mama Viraka hakwenda tena sokoni kununua nyanya tu. Alikwenda kuiba nyuso. Aliiba miayo ya muuza maji. Aliiba mwendo wa jirani aliyetembea kama kuku aliyelowa. Kutu iliyochuruzika ukutani ikawa ndevu, kifungo cha koti bovu kikawa jicho la mtu mwenye deni la usingizi. Fundi baiskeli alipojiona dirishani alisimama akashika kiuno.

"Mama Viraka, tumbo hili si langu?"

"Kwani umelisajili?"

"Lakini limezidi!"

"Basi ningoje ulipunguze, nami nilipunguze. Uzi wangu unatosha."

Watoto ndio waliowapenda zaidi wanasesere wake, maana walicheza na watu wazima wanaowajua na kuwatuma watakavyo. Shangazi naye alimfundisha Kunguru kwamba hakuna siku tupu. Akirudi kutoka dukani na harufu ya rangi mikononi, swali lilikuwa hilohilo: "Leo umeniletea nini?" Akijibu kwamba hakuona kitu, shangazi alitikisa kichwa. "Ukirudi mikono mitupu, ujue ulitembea umelala."

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Siku hiyo duka la rangi lilifungwa kwa ajili ya kukagua mali, na Kunguru akabaki nyumbani. Jua lilikuwa linakaribia utosini. Shangazi alikuwa ametoka kuhesabu sindano zake na sasa alikuwa akipepeta mchele barazani. Kunguru aliona kifungo cha blauzi yake kinaning'inia.

"Shangazi, niazime Bi Harusi. Kitambaa hiki chepesi, Karani ataniharibia."

"Mchukue hapo kimtoni. Si nimemwita sasa hivi?"

Kunguru alikichukua kimto. Mzee, Mlevi, Karani. Mahali pa Bi Harusi palikuwa na kitundu tu.

"Hayupo."

"Yupo."

"Shangazi, hayupo, nakwambia."

"Wewe nawe, kunguru we, macho yako yanaogopa hata kuona." Shangazi aliweka ungo chini, akaja, akafumba macho, akaweka kidole. "Huyu hapa."

Kunguru alitazama. Kidole cha shangazi yake, chenye kitambaa kidogo kilichofungwa nchani, kilikuwa kimebonyeza kimto kitupu. Hakujua hasa anaogopa nini. Alijua tu kwamba jambo alilolitegemea maisha yake yote lilikuwa limesema uongo mbele yake, tena kwa sauti tulivu.

"Fumbua macho, Shangazi."

Shangazi akafumbua. Akatazama kidole, akatazama kimto.

Walitafuta. Walikung'uta mkeka, wakageuza pindo la gauni, wakamwaga kopo la vifungo. Shangazi alikuwa na sumaku nzito iliyotolewa kwenye spika mbovu. Aliitumia kuokotea pini. Wakaiburuta sakafuni kila pembe. Ikanasa pini, kizibo, msumari mmoja wa zamani. Bi Harusi haikuwamo. Shangazi akakaa kitako palepale sakafuni, sumaku mapajani.

"Nyuso," alisema.

"Nyuso zipi?"

"Mara ya mwisho nilimshika kwenye nyuso. Za watoto wa chekechea."

Mwalimu wa chekechea ya mtaa wa pili alikuwa ameagiza wanasesere, kila mtoto na wake, wa kulala nao mchana. Alikuwa amekuja kuwachukua jana yake kwenye mfuko wa shuka, akashukuru sana.

"Jana," alisema Kunguru. Kisha akatazama jua. "Shangazi, saa hizi wanalala."

Akampigia mwalimu simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mwalimu, kama walivyojua baadaye, alikuwa ameizima sauti ili watoto wasiamke.

Wakatoka hivyohivyo, mlango nyuma yao ukabaki wazi. Kunguru hakuwahi kuuona mtaa ule ulivyokuwa na vitu vyenye ncha: nyaya juu ya kuta, vipande vya chupa vilivyopandwa kwenye saruji, cheche za mchomea vyuma, miiba ya ua la jirani. Kila kitu kilimchoma machoni. Akilini alimwona mtoto, hajui yupi, anageuka usingizini, anakumbatia. Hakuweza kuiendeleza picha hiyo na hakuweza kuizima. Shangazi alikuwa mbele, sumaku kifuani, akitembea kwa kasi isiyo ya umri wake. Kwenye kona ya mfereji kandambili yake moja ilichomoka. Akaendelea. Alikanyaga kokoto, akakanyaga kipande cha bati, wala hakuchechemea.

"Shangazi! Kandambili!"

Mama Viraka aligeuka, akautazama mguu wake mtupu kama mtu anayetazama mguu wa jirani. Kunguru akaokota kandambili, akainama kumvalisha. Aliiona damu kidogo kwenye unyayo. Akainua uso, macho yao yakakutana, na shangazi akawa wa kwanza kuyakwepesha.

"Twende," alisema. "Si wakati wake huu."

Mwalimu aliwapokea mlangoni, kidole mdomoni.

"Shikamoo, mama. Taratibu, ndio kwanza wamelala."

"Mwanangu," Shangazi alinong'ona, "kuna sindano yangu ndani ya mmoja wa wanasesere."

Uso wa mwalimu ulibadilika. Alikuwa kijana, filimbi ingali shingoni. Akafungua kinywa kama anayetaka kupiga yowe, akakifunga kwa mkono.

"Tuwaamshe?"

"La. Mtoto akishtuka hukumbatia zaidi. Wanasesere tuwachomoe polepole."

Chumba kilikuwa na mapazia ya kijani na harufu ya sabuni na jasho changa. Watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka, midomo wazi, na kila mmoja alikuwa na mtu wa mtaani kifuani: muuza maji, mshona viatu, polisi, mama wa duka la mkaa. Wengine waliwalalia. Mmoja alikuwa akinyonya mkono wa fundi baiskeli. Wakapiga magoti. Kunguru alikiinua kiwiko cha mtoto kwa vidole viwili, mwalimu akamtoa mwanasesere, Shangazi akampitishia sumaku usoni, kisogoni, tumboni. Kisha wakamrudisha. Wakasogea kwa mwingine. Kunguru alitaka sumaku inase, yaishe, na papo hapo akaiomba isinase kwa huyu, wala kwa huyu, maana huyu alikuwa amelaza shavu pale hasa.

Msichana mmoja akafumbua macho.

"Bibi, unamfanya nini mtoto wangu?"

"Nampima homa."

"Anayo?"

"Hana. Lala, mama."

Msichana akalala. Walifika kwenye mkeka wa mwisho dirishani, na sumaku ilikuwa haijasema kitu. Mwalimu akajifuta jasho kwa mkono wa blauzi. Kunguru akahisi tabasamu linataka kumjia. Pengine Bi Harusi ilianguka njiani, pengine imezama kwenye mchanga wa mtu, wala haitamdhuru yeyote. Ndipo alipomwona mwalimu anatazama ukutani, mahali palipokuwa na mkeka uliokunjwa.

"Binti wa kinyozi," mwalimu alisema. "Jana aligoma kumwacha wake. Alilia, nikamruhusu aende naye. Leo hajaja. Baba yake alituma ujumbe asubuhi. Amesema mtoto amelia usiku kucha, na hajui analilia nini."

Kinyozi alikuwa akiishi nyuma ya kibanda chake cha kunyolea, ng'ambo ya barabara ya lami. Walimkuta na mteja kitini, mzee mnene, kichwa upande mmoja kinang'aa na upande wa pili kichaka.

"Karibuni, karibuni. Mama Viraka, leo umekuja kuiba sura ya nani?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Ndani. Ndiyo kwanza amepata usingizi." Kinyozi alizitazama nyuso zao moja baada ya nyingine. Mashine ikaendelea kunguruma hewani. "Kuna nini?"

Hakungoja jibu. Alitangulia yeye, wao nyuma. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda kidogo, pua imeziba kwa kulia, kope zimeshikana. Chini ya shavu lake alikuwa baba yake mwingine: kinyozi wa kitambaa, na kitana kidogo kimechomekwa nyweleni. Shangazi aliingiza mkono, akamtoa polepole kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Akasogeza sumaku. Mwanasesere alirukia sumaku, akanata kwa uso, paa!

Kinyozi alichukua wembe wake mwenyewe, akapasua mshono wa kisogo. Sufi ikatoka. Katikati ya sufi, nyuma ya midomo, uzi mwekundu ungali tunduni, ilikuwa Bi Harusi. Nusu ya Bi Harusi. Nusu yenye tundu.

"Ncha iko wapi?" kinyozi aliuliza.

Kunguru alikuwa tayari sakafuni, anapapasa.

"Nakuuliza, mama yangu. Ncha iko wapi?"

"Sijui, baba," alisema Mama Viraka.

Mtoto aliamka kwa sauti zile, akashika shavu, akaanza kulia, kilio chembamba cha mtu aliyekwisha kulia sana. Kinyozi alimkwapua kitandani. "Umempa mwanangu mwanasesere au mtego? Eh? Nilikuwa nacheka nawe, kumbe!" Sumaku ikapitishwa kwenye shuka, kwenye mto, kwenye gauni la mtoto, kwenye nywele zake. Kimya. Kunguru aliwaza mahali palipobaki, na palipobaki palikuwa ndani ya mtoto.

"Nina gari," alisema mteja kutoka mlangoni, shuka la kunyolea likiwa bado shingoni.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine mtaa ungekufa kwa kicheko kumwona mzee yule akiendesha, nusu amenyolewa, kitambaa cheupe kinapepea dirishani. Kinyozi alikaa mbele na mtoto mapajani, akimwambia kila mara, "Usimeze mate, mama, tema, tema hapa mkononi kwa baba." Nyuma, Kunguru aliishika nusu ya sindano ndani ya leso, ameikaza mpaka vidole vikafa ganzi. Shangazi alikuwa amemkumbatia mwanasesere aliyepasuliwa. Sufi ilimwagika gaunini na hakuipangusa.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mwenye sauti nzito na mikono myepesi. Alimulika kinywa cha mtoto, akabonyeza tumbo, akasikiliza kifua.

"Ufizi umevimba. Jino la nyuma limeoza, hilo linatosha kumliza mtu usiku kucha." Kinyozi akataka kushusha pumzi. "Lakini kama kuna chuma hakijulikani kilipo, siwezi kusema ni jino tu. Lazima apigwe picha. Hiyo sindano, ilikuwa na urefu gani?"

Mama Viraka aliinyoosha mikono kuonyesha. Muuguzi hakuutazama urefu.

"Hicho kitambaa kidoleni ni cha nini?"

"Nilijikwaruza."

"Lini?"

"Juzi, au jana. Si kitu. Wala hakiumi."

Muuguzi alimshika mkono bila kumwomba ruhusa, akakifungua. Kunguru alisikia harufu kabla hajaona. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, rangi ya zambarau, na nchani, chini ya ngozi iliyong'aa, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama uzi. Muuguzi alichukua kibano. Akabana, akavuta. Kitu kikatoka, kirefu kuliko alivyotarajia mtu yeyote mle chumbani.

"Mama," muuguzi alisema polepole, "husikii?"

"Nisikie nini?"

Muuguzi akakiweka kwenye sinia. Kunguru alifungua leso, akailaza nusu yake kando ya nusu ile, akazisogeza kwa kucha. Zikakutana. Hapakuwa na mwanya, hapakuwa na kipande kilichopotea. Bi Harusi ilikuwa nzima, imelala juu ya sinia la bati, nusu kutoka kwenye uso wa kinyozi wa kitambaa, na nusu kutoka kwenye kidole cha aliyemshona.

Kinyozi alikaa sakafuni, mtoto kifuani, akalia kwa sauti bila aibu. Mteja wake akaugeukia ukuta. Mtoto, aliyeshangaa kumwona baba yake akilia kumshinda, alinyamaza.

"Na yule baba mwingine?" aliuliza. "Amekufa?"

"Hajafa," alisema Kunguru. "Anashonwa kisogo."

Watu husema hofu ikiondoka mwili huwa mwepesi. Kunguru hakuuona huo wepesi. Hofu yake haikuondoka. Ilihama nyumba tu, ikatoka kwa mtoto ikaingia kwa mwanamke aliyekaa kando yake kwenye benchi la nje, mkono umefungwa bendeji nene kama ngumi ya mpiganaji. Sasa aliyakumbuka yote kwa mpigo: sufuria aliloliinua jikoni bila kitambaa, akalitua kwa utulivu, chai ya moto aliyoinywa bila kupuliza, kokoto za leo.

"Tangu lini, Shangazi?"

"Tangu wakati wa baridi. Vidole vilianza kulala kimoja kimoja. Nikasema vitaamka."

"Na sindano? Kila siku ulikuwa unaziita."

"Kwa mazoea. Najua kila mmoja anakaa wapi, kama wewe usivyokikosa kitanda chako gizani. Siku ya kumshona kinyozi nilimvuta Bi Harusi kwa nguvu, midomo ilikuwa minene, nikahisi amelegea mkononi. Nikadhani uzi umekatika. Nikamalizia na Karani, nikafunga."

"Kwa nini hukuniambia kuhusu vidole?"

"Ningekwambia, Kunguru, ungeruka mpaka mji wa pili." Alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. "Na mimi niliogopa."

Kunguru alimgeukia. Katika miaka yote hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye kinywa kile. Alikuwa ameamini kwamba woga wote wa nyumba ile amegawiwa yeye.

"Uliogopa nini?"

"Wangeninyang'anya sindano. Ningerudi kwenye ufagio."

Ilikuwa kisukari. Kilikuwa kimeingia kimyakimya kama mpangaji asiyelipa, kikazoea. Kidole kilikatwa kwenye kiungo, na sindano zikapigwa marufuku kama alivyoogopa. Kinyozi alikuja jioni moja na mtoto, akasimama barazani akisugua viatu kwenye ngazi, akasema mtoto amemkataa mwanasesere mwingine yeyote, anamtaka yuleyule. Kunguru ndiye aliyemfunga kisogo, kwa Karani, akikagua kila mshono kwa macho, kwa kidole na kwa sumaku, mpaka mtoto akauliza kama operesheni huwa ndefu namna hiyo. Mama Viraka alikaa kando, mkono uliofungwa mapajani, akielekeza.

"Usimvute. Mfuate. Anajua anakokwenda."

Ndivyo walivyoishi kwa muda. Kunguru alirudi kutoka dukani kila siku na kitu: mteja aliyetaka rangi "ya ukimya", fundi aliyelala amesimama na brashi mkononi. Shangazi alisikiliza amefumba macho, akachagua kitambaa kwa mkono mmoja. Mishono ya Kunguru ilikuwa mikubwa na yenye wasiwasi. Shangazi alisema wanasesere wake wote wana sura ya watu waliosikia mlango ukibishwa.

Lakini kidonda kilikataa kufunga. Kilipanda kiganjani, kikapanda kwenye kifundo, na asubuhi moja Kunguru alipomfungua bendeji hakuweza kuificha sura yake. Wakaenda hospitali kubwa, ileile. Shangazi alilazwa kwenye shuka lenye kiraka, akakikagua akiwa na homa kali.

"Aliyeshona hapa alikuwa na haraka," alisema. "Si mimi."

Daktari alikuja akaeleza kwamba mkono utakatwa juu ya kiwiko, na kwamba mwili wake umechoka, na kwamba hawezi kuahidi. Alieleza taratibu, ameinamisha kichwa. Kunguru hakusikia nusu ya maneno yake. Shangazi alisikiliza yote bila kupepesa, amemkazia daktari macho kama mtu anayesoma bango la mbali. Daktari alipoondoka, wauguzi wakaja kumvua Shangazi kila kitu, miwani, hereni, kitambaa cha kichwa, wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Kunguru alitembea kando yake, ameshika chuma cha ubavuni, hatua kwa hatua, mpaka kwenye milango miwili ambayo yeye hakuruhusiwa kuvuka.

Kutoka nyuma ya milango ile Mama Viraka alirudi na pumzi tu. Usingizi waliompa aliuendeleza mwenyewe, na alfajiri moja akaondoka nao. Kwa hiyo yale aliyoyasema pale mlangoni ndiyo yaliyobaki, na Kunguru ameyatazama kila upande tangu siku hiyo. Alikuwa amengoja wosia. Alikuwa amengoja dua, au jina la mtu anayepaswa kuarifiwa. Shangazi alimwita kwa nyusi, akamwashiria ainame, mpaka sikio la Kunguru likagusa mdomo wake mkavu.

"Yule daktari ana masikio ya kushonwa," alinong'ona. "Mimi miwani wameninyang'anya. Hebu mwangalie vizuri wewe."